ANDIKIANENI: ODA YA NGUO ZA NG'AMBO NA AMANA YA PESA ZA WATU

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Wabaad.



Ramadhan ikiingia, tunazungumza sana juu ya saumu, taraweh, Zakatul Fitr na Laylatul Qadr. Ni mambo makubwa na tunastahili kuyazungumza. Lakini leo naomba tuteremke kidogo mpaka sokoni, kwa sababu vijana wetu wengi wako huko. Kijana ana simu mkononi, ana picha za abaya na kanzu nzuri nzuri, ana kiwanda Uchina au fundi Dubai aliyempata kwa simu hiyo hiyo. Anawaambia watu, "Leteni arbuni, nguo zenu za Idd zitafika." Dada anakusanya pesa za madrasa nzima, mabuibui ya wasichana arubaini ya rangi moja. Hii ni biashara ya halali na ni jambo la kuwapongeza. Kuliko kukaa barazani, afadhali mara elfu.

Lakini hebu tuulizane. Usiku wa kuamkia Idd, mama aliyelipa tangu Rajab akaja kuuliza nguo za wanawe, na mzigo bado uko bandarini, utamwambia nini? Au mzigo umefika na kila kanzu ni fupi kwa inchi tatu, utamwambia nini? Hapo ndipo udugu unapovunjika. Watu waliokuwa wakiswali safu moja hawasalimiani tena. Na mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba! Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: watu hawakuandikiana.

Hilo ndilo neno langu la leo. Kuandikiana.

ILIANZA ZAMANI

Msidhani kuagiza nguo za kutengenezewa ng'ambo kumeletwa na intaneti. Angalieni kanga tunayoivaa. Kwa miaka mingi kanga za pwani hii zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, lakini mapambo na majina yalitoka kwa wenye maduka wa huku kwetu. Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake watu wanazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Duka hilo hutajwa sana katika historia ya kutia maneno ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa fikiria mwenye duka wa zamani hizo. Hana simu, hana picha za kutuma. Mchapaji wake yuko Ulaya, hajui Kiswahili hata neno moja. Meli inachukua wiki na wiki. Na yeye ananunua kwa korja, yaani ishirini ishirini, si moja moja. Ilimbidi atume mchoro kamili, rangi kamili, herufi moja moja kama itakavyosomeka kwenye kitambaa. Akikosea herufi, imeharibika oda nzima. Kwa hivyo aliandika. Sisi tunaotuma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi, "Nitengenezee kama ile ya picha lakini nzuri zaidi", tuna la kujifunza kwake.

DINI INASEMA NINI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani si ya swala wala ya saumu. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqarah, na inazungumzia kuandika deni. Allah (s.w.t.) anatuamrisha tukikopeshana kwa muda maalumu tuandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, tuweke mashahidi, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Kisha Allah akaondoa uzito kwa biashara ya papo kwa papo, ile ya nipe nikupe. Hiyo hakuna lawama tusipoiandika.

Sasa niambieni, oda ya abaya kutoka Guangzhou ni biashara ya papo kwa papo? Hapana. Pesa zinatoka leo, nguo zinakuja baada ya miezi. Kwa hivyo imo moja kwa moja katika yale tuliyoambiwa tuyaandike.

Jambo la pili. Mtume (s.a.w.) alimkataza sahaba wake Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho. Sasa kijana atauliza, "Ustadh, basi biashara yangu yote ni haramu? Mimi sina stoo, nauza picha!" Ngoja, usikimbie. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuvunwa. Hakuwakataza. Aliwaambia, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba anayelipa mbele basi iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana, na muda unaojulikana. Hii ndiyo bai ya salam.

Angalieni masharti hayo: kipimo, uzani, muda. Ndiyo mambo yale yale ambayo oda za ng'ambo huharibikia.

Kuna mkataba mwingine unaitwa istisna', yaani kuagiza kitu kitengenezwe. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wameukubali kama mkataba wa kujitegemea. Sisi wa pwani wengi wetu ni Shafi, na kwa Shafi jambo hili huingizwa katika salam, na salam inataka bei yote ilipwe pale pale mnapokubaliana. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipitisha kwamba istisna' ni mkataba unaofunga pande zote mbili, na kwamba bei inaweza kulipwa kwa mafungu, ila kitu chenyewe kielezwe aina yake, sifa zake na kiasi chake, na muda uwekwe. Kwa hivyo kabla hujakusanya pesa nusu nusu, nenda kwa shekhe wa msikiti wako, muoneshe karatasi yako, muulize. Hiyo ni dakika kumi tu, nayo inakuondolea shubha.

UANDIKE NINI?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua karatasi. Hii utaiandika mara mbili: moja baina yako na kiwanda, na nyingine baina yako na mteja wako. Na zote mbili ziseme jambo moja!

Kwanza, kitambaa. Usiandike "kitambaa kizuri". Kila mtu ana kizuri chake. Andika jina la kitambaa, nida au krepe au pamba. Kama kimechanganywa, andika pamba ni asilimia ngapi na polista ni asilimia ngapi. Andika uzito wake kwa gramu kwa kila mita mraba, maana viwanda vyote vinaujua uzito huo. Kanzu nyepesi sana inaonesha mwili, na hapo umemuuzia mtu nguo isiyomsitiri. Mzito sana, mtu wa Mombasa hataivaa mwezi wa Februari.

Pili, vipimo. Hapa ndipo pana balaa. Abaya huuzwa kwa urefu wa inchi, 54, 56, 58 na kuendelea. Lakini namba hiyo inakwambia urefu tu. Je, kifua? Mabega? Mkono una urefu gani na upana gani kwenye kiganja? Zile herufi za M na L nazo hazina maana moja duniani. L ya kiwanda cha Uchina huenda ikawa ndogo kuliko M tuliyoizoea hapa. Kwa hivyo tuma jedwali lako mwenyewe, kwa inchi au sentimita, kila saizi na mistari yake yote. Na mkubaliane tofauti inayovumilika, kwa mfano nusu inchi. Ikizidi hapo, nguo imekataliwa.

Tatu, rangi. Rangi ya kwenye simu si rangi ya kitambaa. Kijani cha skrini yako si kijani cha skrini yake. Tuma kipande cha kitambaa chenyewe, au mwambie akutumie vipande uchague, kisha kila mmoja abaki na nusu yake.

Nne, ushonaji. Kanzu ni ya Kiomani isiyo na kola na yenye kishada shingoni, au ya Kisaudi yenye kola? Vifungo au zipu? Darizi iwe wapi na ya rangi gani? Pindo la chini liwe inchi ngapi, ili mtoto akirefuka mama aweze kulishusha? Lebo iandikwe nini? Herufi ya lebo ikikosewa huko, itakuja imekosewa mara mia mbili.

Tano, idadi ya kila saizi na kila rangi. Usiseme "changanya". Ukisema changanya utaletewa zile ambazo kiwanda kimeshindwa kuziuza.

Sita, muda. Usiandike "kabla ya Idd". Andika tarehe. Na useme ni tarehe ya nini: ya kumaliza kushona, ya kupakia, au ya kufika mkononi mwako? Hizo ni tarehe tatu tofauti. Fundi akikwambia "siku thelathini", yeye anahesabu za kushona. Wewe unahesabu za kufika.

SAMPULI NA PESA

Usitume pesa za oda nzima kabla hujashika sampuli kwa mkono wako. Italipishwa, na pengine ghali kuliko nguo moja ya oda. Lipa. Ikifika, ivae, ifue mara tatu, ipige pasi, ianike juani. Ikichuja rangi, umepoteza pesa za nguo moja badala ya mia. Ukiikubali, tengenezesha mbili za aina moja, moja ibaki kiwandani na moja ibaki kwako. Hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi.

Viwanda vina idadi yao ya chini. Wengine hawashoni chini ya vipande mia kwa rangi moja, wengine watakushonea thelathini kwa bei ya juu. Usivutwe na bei nafuu ukaagiza mia tatu na wateja wako ni sitini. Nguo zilizolala chini ya kitanda ni pesa zilizolala.

Kawaida ya viwanda vingi ni kulipwa asilimia 30 mwanzo na asilimia 70 nguo zikiwa tayari kabla ya kupakiwa. Hiyo 70 ndiyo nguvu yako ya pekee. Usiitoe kabla nguo hazijakaguliwa. Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta chini kumelowa? Akamwambia mwenyewe mbona hakuuweka huo umaji juu watu wauone, na kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Basi na wewe tia mkono ndani ya rundo. Guangzhou, katika mtaa wa Xiaobei, wako Waafrika na Waislamu wengi wanaofanya kazi hii ya uwakala. Istanbul, pale Laleli, vivyo hivyo, na Dubai pale Deira. Muombe mtu aende kiwandani, afungue maboksi ya katikati na ya chini, si ya juu peke yake, apime kwa futi na akutumie video. Mlipe ujira wake.

Na tahadhari hii muihifadhi. Ukipata ujumbe kwamba "akaunti yetu ya benki imebadilika, tuma kwa hii mpya", simama! Wezi huingia katika barua pepe za watu na kuandika hivyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti ya mtu unayemjua. Jina la akaunti liwe jina la kampuni iliyokuandikia ankara, lisiwe jina la mtu binafsi usiyemjua.

KALENDA MBILI

Maquraishi walikuwa na misafara miwili, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto, na Allah akaitaja katika Qur'ani. Mfanyabiashara lazima ajue majira. Na katika miaka hii kuna jambo ambalo wengi hawakulitazama: Ramadhan inagongana na Mwaka Mpya wa Kichina.

Mwaka wa 2026, Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 17 Februari, na Ramadhan ya 1447 ni siku moja mbili tu baadaye. Mwaka wa 2027, wao ni tarehe 6 Februari na Ramadhan ya 1448 ni karibu tarehe 8. Viwanda vya Uchina hufunga wiki mbili, vingine mpaka mwezi, na mafundi wanarudi makwao mbali. Kabla ya kufunga, kila mtu duniani anataka mzigo wake utoke, na nafasi katika meli zinakuwa haba. Kwa hivyo ukianza kuagiza Shaaban, hakuna mtu kiwandani wa kukupokelea simu.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Unataka nguo ziwe mkononi Ramadhan inapoandama. Kutoka kusini mwa Uchina mpaka Mombasa kwa meli ni kama wiki tatu hadi tano, ongeza wiki ya kukusanya mzigo na moja au mbili za forodha. Kushona ni mwezi au zaidi. Sampuli na kurekebisha ni wiki tatu nne. Jumla ni miezi minne. Yaani uanze Mfungo Nane, Jumadal Ula, Maulidi yakiwa bado hayajatoka masikioni. Ndege ni siku chache, lakini inapimwa kwa kilo, na abaya hamsini zina uzito, wallahi. Gharama ya ndege inaweza kuila faida yote.

BANDARINI

Vijana wengi hupiga hesabu ya bei ya kiwandani wakasahau serikali. Tuchukue mfano. Umeagiza abaya 50, kila moja shilingi 1,500. Hiyo ni 75,000. Nauli na bima tuseme 15,000. Jumla 90,000. Ushuru wa forodha unatozwa juu ya hiyo 90,000, si juu ya 75,000. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu kabisa cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa tayari zimewekwa humo. Hiyo ni 31,500. Kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya vyote pamoja, yaani 121,500, nayo ni 19,440. Tumefika 140,940. Gawanya kwa 50: kila abaya imekuwa zaidi ya shilingi 2,800, karibu mara mbili ya bei ya kiwandani! Na bado kuna ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, ujira wa wakala wa forodha na gari la kukuletea. Viwango hivi hubadilika katika bajeti, kwa hivyo muulize wakala kabla hujawatajia watu bei.

Kuna pia masharti ya KEBS. Tangu mwaka 2005 Kenya ina mpango wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na bidhaa hupewa cheti. Wenye mizigo midogo wengi hupitia kwa wakusanyaji wa mizigo wanaojaza kontena moja kwa watu wengi, nao hutoza kwa kilo au kwa ukubwa. Ni njia rahisi, lakini muulize: bei yako ina ushuru ndani? Utanipa risiti? Mzigo ukipotea, utanilipa kiasi gani? Majibu yake nayo, andika.

WEWE NI WAKALA AU NI MUUZAJI?

Hapa ndugu zangu nisikilizeni vizuri, maana hapa dhimma ni nzito.

Ukiwaambia watu, "Mimi nawaagizia tu, nichangieni pesa", basi wewe ni wakala. Pesa zile si zako, ni amana. Wakala ana haki ya ujira wake, akautaja wazi: mia mbili kwa kila nguo, asilimia kumi, mlivyokubaliana. Lakini kuwaambia kiwanda kinataka 3,000 na huku kinataka 2,000, ukala elfu kimya kimya, hiyo ni khiyana. Ukitaka faida ya muuzaji, kuwa muuzaji. Sema, "Mimi nauza abaya ya namna hii kwa 4,000, nitaileta tarehe fulani." Hapo faida ni yako bila kumwambia mtu umenunua kwa ngapi, lakini na hasara ni yako. Ikipotea baharini, mteja anakudai wewe, si meli. Huwezi kuchukua faida ya muuzaji na usalama wa wakala. Chagua moja, na uiandike juu ya karatasi.

Andika pia juu ya arbuni. Mteja akighairi, arbuni inarudi au hairudi? Wanazuoni wamehitilafiana: wengi, na Shafi wamo, hawaruhusu kuila arbuni ya aliyeghairi, na Hanbali wanairuhusu. Msiache jambo hili mpaka siku ya ugomvi.

Na ukichelewa wewe, je? Andika: nguo zisipofika tarehe hii, mteja ana hiari ya kungoja au kurudishiwa pesa zake zote. Ili uweze kuzirudisha, usizitumie kwa kodi ya nyumba. Ziweke mahali pake, na daftari lake, jina la kila mtu na alicholipa. Risiti ya M-Pesa ni ushahidi wa pesa, lakini haisemi saizi wala tarehe. Karatasi ndiyo inayosema.

Na kheri nyingine: mara ukijua mzigo umekwama, waambie watu siku hiyo hiyo. Usizime simu. Mama akijua wiki mbili kabla ya Idd, bado atapata fundi. Akijua usiku wa Idd, umewavunja moyo watoto wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na wakasema uongo, baraka hufutwa.

MITEGO YA NJIANI

Kiwanda kitakwambia, "Nikuandikie ankara ya bei ndogo ulipe ushuru kidogo?" Huo ni uongo wa maandishi, nawe umefunga! Tena ni kosa la jinai, na mzigo wote unaweza kushikwa. Ankara ile ile ndiyo utakayoitegemea ukitaka kudai bima. Utadai robo ya mali yako.

Wengine wataka kutiwa nembo za makampuni makubwa kwenye fulana za timu. Nembo ni mali ya watu. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Tieni nembo ya timu yenu wenyewe, ina fahari zaidi.

Na mtaji. Usikimbilie mikopo ya riba ya kwenye simu eti utalipa Idd ikipita. Changianeni watu watano kwa ushirika, faida na hasara mgawane kwa mlivyoandika. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa na mali, akamkabidhi Mtume (s.a.w.) kabla ya utume kwenda nayo Sham, kwa sababu alisikia uaminifu wake. Kijana mwaminifu hakosi mtaji.

MSIMSAHAU FUNDI WA MTAANI

Kabla hujatuma pesa ng'ambo, pita kwa fundi aliye jirani yako. Kama unataka nguo kumi na tano, pengine yeye ni bora. Hana nauli, hana forodha, na mkono ukiwa mrefu unarudi kesho anaukata. Mtoto wake anasoma madrasa moja na mwanao. Oda ya ng'ambo ina faida pale unapotaka nyingi za namna moja, au darizi ya mashine ambayo hapa haipatikani. Wengine hufanya kati kwa kati: huagiza kitambaa kwa jora na kukishonesha hapa, na kila mtu akapimwa mwili wake. Lakini na fundi wa mtaani pia, andikianeni! Tunajua wenyewe mafundi na ahadi za Idd.

KWA WAZAZI NA WATEJA

Nanyi mnaonunua, msimuonee haya kijana mkaacha kuuliza. Wengine tunasema, "Ah, huyu ni mtoto wetu, kuandikiana ni kumshuku." La! Aya haikusema tuandike baina yetu na wezi. Imewaita walioamini. Kuandika ni kumhifadhi yule kijana na shetani, na kukuhifadhi wewe na kusahau. Mkikubaliana, lipeni kwa wakati, msibadilishe rangi kiwanda kimeshakata kitambaa, na mkipewa nguo kama ilivyoandikwa, msitafute sababu ya kupunguza bei.

Ndugu zangu, tukimaliza Ramadhan hii kila mwenye biashara achukue daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aandike mambo sita tuliyoyataja: kitambaa, vipimo, rangi, ushonaji, idadi, tarehe. Ukurasa wa pili, majina ya watu na pesa zao. Na kama kuna mtu unamdai au anakudai kwa oda ya mwaka jana, kamilisheni kabla ya takbira za Idd. Saumu ina ajri kubwa, lakini haki ya mja hulipwa kwa mja.

Tumuombe Allah (s.w.t.) azikubali saumu zetu, azibariki mali zetu, awape vijana wetu riziki ya halali yenye heri, na atujaalie tuwe katika wanaotimiza ahadi na kurudisha amana kwa wenyewe. Allahumma amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.